Fimbo yenye majina mawili: namna ya kujua ilikotoka na thamani yake

Mpwa wangu aliye Bondeni, Mombasa, aliniletea picha kwa simu usiku wa manane. Picha tatu za fimbo ya kuchezea pool, na chini yake ujumbe wa dalali: "Fimbo ya Baden-Powell, orijino, kutoka Nyeri. 60,000 bei ya mwisho. Kuna Mzungu anaitaka." Kisha sauti ya mpwa wangu mwenyewe: "Mjomba, wewe uko huko huko. Pesa ninazo, mama amenikopesha kutoka kwa chama chake. Nitume?"

Nikamjibu neno moja: "Ngoja."

Mimi ni mzaliwa wa Kibokoni, lakini huu mwaka wa ishirini na mbili naishi Nyeri. Kazi yangu ni kutengeneza meza za pool: kubadilisha kitambaa cha kijani, kusawazisha mawe, kushona mifuko, kubandika ncha za ngozi kwenye fimbo. Nazunguka Karatina, Othaya, Nanyuki, Kerugoya, Embu mpaka Meru. Najua wapo watakaouliza mtoto wa Mji wa Kale anatafuta nini kwenye meza hizo. Natafuta riziki, na riziki ya fundi iko pale kifaa kinapovunjika.

Tangu siku ile nimeulizwa swali hilo hilo na watu wengine wawili wa pwani, kila mmoja na fimbo yake. Zote zina jambo moja linalofanana: kitakoni pana majina mawili, si moja. Na dalali hutumia majina hayo mawili kumchanganya mnunuzi. Kwa hivyo nimeona niandike hapa yale ninayoyaangalia mimi, hatua kwa hatua, ili mtu asitume pesa gizani.

Hatua ya kwanza: ni fimbo ya mchezo gani?

Kabla ya jina, tazama umbo. Fimbo za Kiingereza, zile za biliadi na snuka ambazo pia huchezewa pool ya mipira midogo, kwa kawaida ni mti wa ash. Ni mti mweupe, na mistari yake ukiitazama karibu na ncha hupanda kama vichwa vya mishale. Ncha yake ni nyembamba, milimita 9 au 10, na juu pana kipete cha shaba ya manjano. Urefu ni inchi 57 au 58, uzito wakia 16 hadi 19, yaani kama nusu kilo.

Fimbo za Kimarekani ni nene zaidi. Mti wake ni maple, laini usioonyesha mistari mingi, ncha ni milimita 12 au 13, na pale juu badala ya shaba pana kikofia cheupe. Hukatika katikati kwa skrubu, na mara nyingi mahali pa kushikia pamezungushwa uzi au ngozi.

Kisha kuna fimbo rahisi za mabaa. Nyingi katika hizo ni za mti wa Asia uitwao ramin, usio na mistari kabisa, kama umechorwa rangi moja. Ukiona mti usio na mistari, hata kama kitakoni pameandikwa jina la mfalme, weka pesa zako mfukoni.

Hatua ya pili: kila jina limefanya kazi gani?

Watu wengi hudhani majina mawili ni watengenezaji wawili, au mtengenezaji na mwenye fimbo. Mara nyingi sivyo. Mimi nimezigawa mafungu manne.

Fungu la kwanza ni kampuni mbili zilizoungana. Hapa ndipo ilipoangukia fimbo ya mpwa wangu. Kwenye kibati chake palikuwa na maneno mawili: Riley na Burwat. Riley ni kampuni ya Accrington, kaskazini mwa Uingereza, iliyoanza karne ya kumi na tisa. Burwat ni kifupi cha Burroughes & Watts, kampuni ya London iliyoanza mwaka 1836 na kuuza meza na fimbo za biliadi kote palipofika bendera ya Waingereza. Kwa miaka mingi hawa wawili walikuwa washindani, kila mmoja na duka lake na wateja wake. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Riley akamnunua mwenzake. Baada ya hapo ndipo majina hayo mawili yakaanza kukaa pamoja.

Maana yake ni nyepesi. Ukiona jina la Burroughes & Watts peke yake, fimbo yaweza kuwa ya kale sana au ya baadaye; uchunguzi waendelea. Ukiona Riley na Burwat pamoja, fimbo haiwezi kuwa ya kabla ya muungano huo. Mara nyingi ni ya miaka ya 1970 au ya 1980. Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, alifariki Nyeri tarehe 8 Januari 1941. Vipi mtu ashike fimbo iliyotengenezwa yeye akiwa kaburini kwa miaka karibu thelathini?

Fungu la pili ni kampuni na bingwa. Watengenezaji wa Uingereza walikuwa wakiweka majina ya wachezaji mashuhuri kwenye vibati. Joe Davis, aliyeshikilia ubingwa wa dunia wa snuka tangu 1927 hadi 1946, jina lake limo kwenye fimbo nyingi. Walter Lindrum wa Australia vivyo hivyo. Bingwa si mtengenezaji, wala hakuigusa fimbo hiyo. Alikodisha jina lake, kama vile leo mwanamuziki anavyotangaza sabuni. Lakini fimbo hizi zina faida moja kwa mchunguzi: mara nyingine kibati hutaja rekodi. Ukiona nambari 4137 pamoja na jina la Lindrum, hizo ni pointi alizopiga mfululizo bila kukosa, London, Januari 1932. Kwa hivyo fimbo hiyo ni ya 1932 au baadaye, si mapema. Ukiona 147 pamoja na Joe Davis, kumbuka kuwa alifikisha hesabu hiyo rasmi Januari 1955. Rekodi haikuambii fimbo ni ya mwaka gani hasa, lakini yakuambia haiwezi kuwa ya kabla ya mwaka gani, na hilo latosha kuvunja uongo mwingi.

Fungu la tatu ni kampuni na leseni. Huku kwetu hizi huja na wageni na jamaa waliotoka ng'ambo. Mfano unaojulikana ni fimbo zenye jina la pikipiki za Harley-Davidson pamoja na jina la McDermott. Mtengenezaji ni McDermott, kampuni ya Wisconsin, Marekani, iliyoanza mwaka 1975. Harley-Davidson alitoa tu ruhusa ya nembo yake kutumika. Ukikuta nembo ya pikipiki bila jina lolote la mtengenezaji wa fimbo, uliza mara mbili. Na hata jina la McDermott lataka kusomwa lote, kwa sababu kampuni hiyo ina fimbo inazotengeneza nyumbani Marekani, na zipo za bei nafuu, kama zile za Lucky na Star, zinazotengenezwa nje. Jina moja, thamani mbili tofauti kabisa.

Fungu la nne ni mdhamini. Wenzetu wa Tanzania walicheza mashindano ya taifa ya pool kwa miaka mingi yakidhaminiwa na bia ya Safari Lager, na Uganda ligi yao imebeba jina la Nile Special. Fimbo yenye jina la bia ni tangazo. Bia haichongi mti. Fimbo kama hiyo thamani yake ni kumbukumbu: kama mtu aliishinda fainali na ana picha au cheti, hiyo ni hazina kwake na kwa chama chake. Bila ushahidi, ni fimbo ya kawaida yenye rangi nyingi.

Hatua ya tatu: mti na mkono wa fundi

Jina likishajulikana, rudi kwenye mti. Mimi kama seremala hapa ndipo ninapokaa muda mrefu.

Tazama pale mti mweupe unapokutana na mti mweusi wa kitako. Fimbo nzuri haikubandikwa tu. Mti mweusi umepandishwa juu ya mweupe kwa ndimi nne. Katika fimbo za Kiingereza, ndimi zilizochongwa kwa mkono huishia kwa mviringo, kama kucha. Zilizokatwa kwa mashine huishia kwa ncha kali, kama meno ya msumeno. Za mkono zina bei zaidi. Na ikiwa ndimi zenyewe zimechorwa kwa rangi au kubandikwa karatasi, pitisha ukucha polepole: utahisi ukingo wa karatasi, au mistari ya mti itapita chini ya rangi bila kukatika.

Mti mweusi wenyewe mara nyingi ni mwebani, na sisi watu wa pwani hukimbilia kusema ni mpingo. Si mti mmoja. Mpingo wa wachongaji wetu ni jamaa ya mirozi. Mwebani ni ukoo mwingine. Dalali akikuambia "mpingo halisi wa Kiafrika" kwenye fimbo ya Accrington, ujue anaongeza chumvi.

Kisha ibingirishe juu ya kioo au meza ya mawe. Ikiruka-ruka katikati, imepinda. Pima urefu: fimbo ya inchi 57 iliyobaki 54 imekatwa, na iliyokatwa hupoteza sehemu kubwa ya thamani yake. Angalia kama kibati kimekaa ndani ya mti, sawasawa na uso wake, au kimegandishwa juu kwa gundi mpya. Na usiipige msasa wala vanishi. Nimeona fimbo nzuri Karatina iliyopelekwa kwa jirani "ipendezwe kidogo kabla ya kuuzwa". Ilirudi ikimetameta kama kitanda kipya, na kibati kimesuguliwa hata hakisomeki.

Jambo la sheria: vipande vyeupe kwenye fimbo za zamani sana huenda vikawa mfupa, plastiki au pembe ya ndovu. Ikiwa ni pembe, hakuna mjadala wa bei. Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 ina adhabu kali kwa biashara ya pembe za ndovu. Usinunue, usiuze, usisafirishe.

Hatua ya nne: hadithi za Nyeri

Huu mji una historia nzito, na dalali anajua kuiuza. Baden-Powell aliishi hapa miaka yake ya mwisho, katika kijumba cha Paxtu kwenye hoteli ya Outspan, na kaburi lake lipo mjini. Jim Corbett, mwindaji wa chui wa India, aliishi nyumba hiyo hiyo baadaye. Elizabeth alilala Treetops usiku wa Februari 1952 akiwa binti mfalme, akaamka malkia. Ukienda Nanyuki kuna Mount Kenya Safari Club, ambayo mcheza filamu William Holden na wenzake waliifungua mwaka 1959, na kuna kambi ya jeshi la Uingereza ambako kila mwaka askari huja na vitu na kuviacha.

Kila kitu kikuukuu hapa hutafutiwa mmoja wa hawa. Nimeletewa kiti cha Malkia mara tatu, na mara zote tatu ni viti tofauti. Aliyekuuzia kitu cha Treetops ya 1952 hakukwambia kuwa ile Treetops ya kwanza iliteketezwa kwa moto mwaka 1954, wakati wa vita vya Mau Mau.

Hadithi haina thamani mpaka iwe na karatasi: risiti, barua, picha ya mtu akiwa na kitu chenyewe, orodha ya mali ya hoteli, nambari kwenye mkebe inayolingana na daftari la klabu. Kama hakuna, nunua fimbo; hadithi isikilize bure.

Hatua ya tano: bei

Mtu akitaka kujua bei, hufungua intaneti, akaona fimbo kama yake imeandikwa pauni mia tano, akaanza kujenga nyumba. Hiyo ni bei inayoombwa. Unayoitaka ni bei iliyolipwa, na soko nyingi za mtandaoni zina sehemu ya kuonyesha bidhaa zilizokwisha kuuzwa. Tazama hapo. Tazama fimbo yenye kibati kile kile, ndimi za aina ile ile, urefu ule ule, na hali ile ile.

Fimbo nyingi za Riley na Burwat zilitengenezwa kwa wingi kwa ajili ya kumbi na klabu. Za mashine, zilizochakaa kidogo, huko Uingereza huuzwa kwa makumi ya pauni. Za mkono zilizo safi hupanda zaidi. Haziko kwenye maelfu. Kisha toa gharama ya kuisafirisha, na hatari ya kupinda njiani. Tena mti uliokaa miaka mingi kwenye baridi ya Nyeri ukiletwa kwenye joto na chumvi ya Mombasa hubadilika. Mpe wiki kadhaa ndani ya nyumba, umelazwa au umesimamishwa wima sawasawa, usiegemezwe ukutani kama jembe.

Yaliyotokea

Dalali alikubali nikaione fimbo kwa niaba ya mpwa wangu. Akanipeleka mpaka boma moja njia ya Mweiga, kwa shosho mmoja mjane. Fimbo ilikuwa juu ya kabati, ndani ya mkebe wa bati. Marehemu mumewe alifanya kazi miaka mingi kwenye chumba cha biliadi cha klabu moja, akipanga mipira na kuhesabu pointi za wakubwa. Alipostaafu walimpa fimbo hiyo.

Dalali alipotoka kupokea simu, shosho akaniambia kwa sauti ya chini: "Fundi, huyu kijana amesema atanipa elfu moja mia tano. Lakini jana nilimsikia kwenye simu akitaja sitini. Niambie ukweli. Mjukuu wangu anaingia shule ya sekondari."

Hapo ndipo elimu ya fundi huwa nzito. Kama ningekuwa mtu wa kumpendeza, ningesema sitini ni haki yake. Kama ningekuwa upande wa mpwa wangu tu, ningenyamaza, elfu moja mia tano ipite. Nikaitoa fimbo kwenye mkebe, nikaibingirisha juu ya meza yake ya kioo. Imenyooka. Inchi 57 na nusu, haijakatwa. Ndimi zina ncha kali, kwa hivyo ni kazi ya mashine. Kibati kiko safi: Riley, Burwat. Nikamwonyesha yale majina mawili, nikamweleza kama nilivyokueleza wewe.

"Kwa hivyo si ya yule Mzungu wa skauti?"

"Hapana, shosho. Ni ya mume wako."

Alikaa kimya muda. Si habari aliyotaka. Sitini ingelipa karo na sare na godoro. Nikamwambia bei ninayoiona mimi ni kati ya elfu sita na elfu nane, na nikampigia mpwa wangu mbele yake, na spika ikiwa wazi, ili kila mmoja asikie ninayomwambia mwenzake. Dalali aliporudi alinitazama kama mwizi aliyekutwa na mwizi mwenzake. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na yeye alikuwa ametembea sana.

Mpwa wangu alitoa elfu saba, zikaingia moja kwa moja kwenye simu ya shosho. Elfu hamsini na tatu zilirudi kwa dada yangu na chama chake. Shosho alibaki na mkebe, kwa sababu ndani ya kifuniko mumewe alikuwa ameandika jina lake kwa msumari. Hakutaka kuuza hilo, na sikumshauri auze.

Kabla hujatuma pesa

Taka picha tano: fimbo nzima kando ya futi ya kupimia, kibati kwa karibu, ndimi za mti pande zote, ncha, na fimbo ikiwa imelazwa juu ya meza iliyo sawa. Soma majina yote mawili na uulize kila moja limefanya kazi gani: kampuni, bingwa, mwenye nembo, au mdhamini. Linganisha tarehe ya majina na tarehe ya hadithi. Tafuta bei iliyolipwa, si inayoombwa. Na uliza mwenye mali ni nani na anapata ngapi. Dalali asiyetaka ujue hilo, tayari amekujibu.